Umechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya chuo? Jua kwanza nani amekutuma

Mtu akichaguliwa kuwawakilisha wafanyakazi wenzake kwenye kamati ya chuo kikuu, hupewa pongezi na bunda la makabrasha. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na mipaka ya kamati, huja baadaye, zikija. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Nimekaa kwenye kamati ya usalama na afya, nikakaa kwenye kamati ya mashauriano kati ya menejimenti na wafanyakazi, kisha kwa muhula mmoja nikaingia Baraza la Chuo, chombo cha juu cha uongozi wa chuo. Kote huko kibao cha mezani kiliandikwa "mwakilishi wa wafanyakazi", lakini kazi haikuwa ileile, na sijaona mtu aliyewahi kukalishwa chini akaelezwa tofauti.

Kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unabeba agizo. Wanachama wamekutuma, wana kiwango wanachokitaka, na kabla hujasaini unarudi kuwauliza. Kwenye kamati ya usalama hubebi agizo, unabeba yale ambayo wenzako wameyaona: kabati la kufyonza mvuke wa kemikali linalonguruma bila kufyonza chochote, mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli kwa sababu mtu aliiba kompyuta mwaka juzi. Barazani mambo hubadilika tena. Kura za wafanyakazi ndizo zimekuingiza, lakini ukishaketi unawajibika kwa chuo kizima, na katika vyuo vingi hairuhusiwi kupiga kura kwa kuelekezwa na tawi la chama cha wafanyakazi. Wenzako wakikuona umeunga mkono bajeti wasiyoipenda watasema umenunuliwa. Waeleze mapema kiti hicho kinaruhusu nini, kabla ya uchaguzi ikiwezekana, ili anayekuchagua ajue anakuchagua kwa kazi ipi.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza katibu wa kamati, tena kwa maandishi, ni hili: kamati inaamua, inashauri, au inapokea taarifa tu? Nimeona watu wazima wakibishana saa mbili kwenye kikao ambacho hakikuwa na mamlaka hata ya kuhamisha kiti. Uamuzi ulishafanyika kwingine wiki iliyopita. Ukijua kamati yako inashauri tu, utautafuta mlango unaoamua na kupeleka hoja huko mapema, halafu kikaoni unaomba iandikwe kwenye muhtasari basi.

Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalokifanya chuo kikuu kisifanane na kiwanda wala benki. Mfanyakazi ni nani? Kiwandani msimamizi anajulikana na anayesimamiwa anajulikana. Chuoni mkuu wa idara ni mhadhiri mwenzako aliyepewa zamu ya miaka kadhaa. Leo anasaini likizo yako, baada ya hapo anarudi darasani kama wewe. Nimekaa kwenye kamati ambamo viti vya "wafanyakazi wanataaluma" vilijazwa na wakuu wa idara watupu. Kwenye karatasi uwiano ulikuwa sawa kabisa, nusu menejimenti na nusu wafanyakazi. Lakini mhadhiri wa mkataba mwenye lalamiko kuhusu mzigo wa vipindi angempelekea nani, ikiwa mwakilishi wake ndiye aliyempangia vipindi hivyo?

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Marekani, mwaka 1980, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Chuo Kikuu cha Yeshiva, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba wahadhiri wa muda wote wa chuo hicho binafsi walikuwa sehemu ya menejimenti. Sababu ilikuwa kwamba kupitia vikao vyao walikuwa na sauti kubwa juu ya mitaala, udahili na taratibu za kufundisha. Hivyo sheria ya taifa ya mahusiano kazini haikuwalinda katika kuunda chama cha kujadiliana na mwajiri. Yaani ushiriki wao kwenye kamati ndio uliowanyang'anya hadhi ya kuwa wafanyakazi. Miaka 36 baadaye, mwaka 2016, bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi ya nchi hiyohiyo iliamua katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia kwamba wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofundisha au kusaidia utafiti kwa malipo katika vyuo binafsi ni waajiriwa. Profesa akasukumwa upande wa mabosi, mwanafunzi akavutwa upande wa wafanyakazi. Sisi mafundi wa maabara hakuna aliyetusumbukia, tulikuwa tunajulikana tuko wapi.

Ujerumani walilikabili suala hilo kwa njia nyingine. Vyuo vyao vya umma viligawa viti vya vikao kwa makundi: maprofesa, wasaidizi wa kitaaluma, wanafunzi, na wafanyakazi wengine. Mwaka 1973 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba mgawo wa makundi unakubalika, ila kwenye masuala ya utafiti na ufundishaji maprofesa lazima wawe na nguvu ya kuamua. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya wanaofundisha elimu ya juu nalo linafuata njia hiyo: wanataaluma wawe na haki ya kuchagua wengi wa wawakilishi kwenye vyombo vya kitaaluma, huku haki ya makundi mengine ya jumuiya ya chuo kushiriki ikiheshimiwa. Sina ugomvi na hilo. Mtaala wa fizikia siutaki, niachieni nitengeneze vifaa. Ugomvi wangu ni pale mgawo wa Seneti, kikao kikuu cha taaluma chuoni, unaponakiliwa kwenye kamati ambayo haishughuliki na taaluma kabisa. Moto wa maabara hauulizi cheo, na mara nyingi anayekuwa karibu nao ni fundi au mtu wa usafi.

Basi ukipata nafasi ya kugusa muundo wa kamati, gusa hapo. Pendekeza mtu mwenye mamlaka ya kuajiri, kupandisha cheo au kuadhibu asihesabiwe kwenye viti vya wafanyakazi, awe profesa awe karani mkuu. Aingie kwa upande wa menejimenti, kwa wadhifa wake. Pendekeza pia viti vifuate aina ya kazi na mahali pa kazi, badala ya ngazi ya mshahara. Maktaba, maabara, mabweni, karakana na ofisi za utawala zina hatari tofauti na saa tofauti.

Halafu kuna wale ambao hawamo kwenye hesabu kabisa: walinzi na watu wa usafi walioajiriwa na mkandarasi. Ukiuliza, utajibiwa kwamba hao si wafanyakazi wa chuo. Kwenye daftari la mishahara ni kweli, lakini mvuke wanaouvuta ni wa chuo. Hapa una hoja nzito mkononi. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema waajiri wawili au zaidi wanapofanya shughuli mahali pamoja kwa wakati mmoja lazima washirikiane katika usalama na afya. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kwenye orodha ya mikataba ya msingi ya shirika hilo, ile ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inatakiwa kuziheshimu hata kama haijaridhia mkataba wenyewe. Mimi sikuomba kiti cha kudumu kwa ajili yao, maana ningekataliwa siku hiyohiyo. Niliomba waalikwe kwenye ajenda zinazowahusu. Walikubaliwa. Mlinzi aliyealikwa mara ya kwanza alitaja kisima cha maji taka kilichokuwa wazi nyuma ya bweni, ambacho kamati nzima ilikuwa haijui kipo.

Kuhusu uwiano kwenye kamati za usalama, Pendekezo Na. 164 linaloambatana na mkataba huo liko wazi: wafanyakazi wawe na uwakilishi usiopungua ule wa mwajiri. Na kama chuo chako hakina kamati kabisa, soma sheria ya nchi yako kabla ya kuanza kulalamika, kwa sababu nchi nyingi zina kifungu cha kuilazimisha iundwe. Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 1977 zinasema wawakilishi wa usalama wawili wakiomba kwa maandishi, mwajiri ana miezi mitatu ya kuunda kamati. Barua moja, saini mbili.

Sasa kikao chenyewe. Kamati nyingi za chuo hazifi kwa upinzani, zinakufa kwa kukosa akidi na kwa muhtasari uliojaa "wajumbe walijadili kwa kina". Ukiona maneno hayo, inua mkono. Dai kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe. "Idara ya miliki itafanyia kazi" haina mwenyewe. "Mhandisi wa majengo atabadilisha feni ya chumba namba fulani kabla ya kufungua muhula" ina mwenyewe. Kisha kikao kinachofuata usikubali "Yatokanayo", yaani ufuatiliaji wa maazimio ya kikao kilichopita, yarukwe kwa kisingizio cha muda. Mimi huja na karatasi yangu ya yatokanayo nimeipanga kwa tarehe, na nimeona wenyeviti wakianza kuipenda kwa sababu inawapunguzia kazi. Usisubiri "Mengineyo" kuibua jambo zito. Hapo watu wameshafunga kalamu. Peleka ajenda yako kwa katibu kabla ya siku ya mwisho, ikiwa na pendekezo la azimio kabisa, sentensi mbili tu.

Usiende peke yako kama ujumbe ni mkali. Zungumza na mjumbe mwingine kabla ya kikao, hata wa upande wa menejimenti. Afisa rasilimali watu aliyeshtukizwa mbele ya bosi wake atajitetea, lakini akipigiwa simu jana yake mara nyingine huja na jibu tayari.

Kurudisha taarifa kwa waliokutuma ndiyo sehemu inayoachwa zaidi, nami naipa uzito kuliko hotuba zote za kikaoni. Kuna wajumbe wanaokaa muhula mzima na idara zao hazijui hata kamati inaitwaje. Andika ujumbe mfupi ndani ya wiki ileile: tuliomba nini, wamejibu nini, nani anafanya nini na lini. Ubandike pia ubaoni, kwa ajili ya wenzetu wasiokaa mbele ya kompyuta. Kuhusu siri, usikubali kikao kizima kiwe siri. Mwishoni mwulize mwenyekiti, "Katika haya, yapi hayatoki nje?" Kwa kawaida atataja jambo moja au mawili, la mtu binafsi au la zabuni. Mengine yote una ruhusa ya kuyasema, na imeingia kwenye muhtasari.

Uchaguzi nao uangalie. Kura ikipigwa saa nne asubuhi ukumbini, mlinzi wa zamu ya usiku amelala na mhadhiri wa muda yuko chuo kingine anafundisha kipindi cha pili. Mhadhiri huyo ana tatizo jingine: mkataba wake ni wa muhula, kamati ni ya miaka miwili. Suluhisho nililoona likifanya kazi ni kumchagua mjumbe pamoja na mjumbe mbadala, ambaye anapata makabrasha yote tangu siku ya kwanza.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Mkataba Na. 135 wa mwaka 1971 wa Shirika la Kazi Duniani unataka mwakilishi wa wafanyakazi alindwe dhidi ya kufukuzwa au kuumizwa kwa sababu ya kazi hiyo, maadamu anafuata sheria na makubaliano yaliyopo, na apewe nyenzo za kuifanya. Pendekezo Na. 143 linaongeza muda wa kuhudhuria bila kukatwa mshahara. Mkataba huohuo unaonya pia kwamba wawakilishi waliochaguliwa wasitumiwe kukidhoofisha chama cha wafanyakazi pale kilipo. Hilo likumbuke siku menejimenti itakapokusifu sana na kukuambia kwamba wewe unaelewa, si kama wale wa tawi. Kwa upande wa muda, mwombe mkuu wako barua inayotaja saa za kamati kuwa sehemu ya kazi yako, la sivyo utakuta kwenye tathmini ya mwaka umeandikiwa "hupatikani".

Muhula ukikaribia kwisha, weka kwenye faili moja mihtasari yote, karatasi ya yatokanayo yenye mambo ambayo bado hayajafungwa, na majina ya maofisa wanaopokea simu kweli. Mkabidhi mrithi wako mbele ya katibu wa kamati, na mwombe katibu aandike kwamba makabidhiano yamefanyika.