Lokdauni ikirudi, watu wa ARV (dawa za HIV za kila siku) wafanyeje? Nawaambia ya Mombasa 2020

Umeuliza kukija ugonjwa mwingine kama korona tufanyeje watu wasikatize dawa, na naona wengi wamekujibu "nunueni magari mpeleke majumbani". Jamani. 2020 mi nilikuwa mama mshauri kwa kliniki moja pale kisiwani Mombasa, mwenyewe nameza tangu 2011, na hilo gari lenye nembo ya mradi tulilitumia wiki moja tu. Lilisimama mtaani watoto wakalikimbilia, tuliyemfuata akafunga mlango akatwambia tumekosea nyumba.

Watu wengi hawachukui dawa karibu na kwao, na wanafanya hivo makusudi. Mtu wa Mtwapa anapita kliniki mbili anakuja mjini, manake nesi wa kwao ni jirani ya shemejiye. Sasa mwezi wa nne Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, dawa zake ziko ng'ambo ya daraja. Ukitaka kupita pale kwa kizuizi utoe kadi ya kliniki umpe askari, na foleni nzima nyuma yako imetega masikio. Wengi waligeuza. Kilichowaokoa ni pale tulipoambiwa tumpe dawa yeyote atakayekuja hata kama faili lake liko kwingine, tukawa twapigiana simu na wenzetu wa upande wa pili, huyu anameza nini, TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu), haya mpe.

Wa karibu tuliwapa ya miezi mitatu kwa mpigo, chupa moja ya vidonge 90. Kwenye karatasi safi kabisa, lakini hebu ichukue ile chupa uitikise. Kuna dada mmoja Likoni, mumewe alikuwa hoteli huko Diani, hoteli zikafungwa mzee akawa nyumbani kutwa. Miaka yote dada anameza saa tatu asubuhi mume akishatoka, chupa imefukiwa kwenye debe la unga, na sasa mume kwa kukosa kazi ndo ameanza kupika mahamri (nilicheka, baadaye nikaona haya). Tukatia pamba chupani isilie, ikahamia kwenye mkoba wa nguo za mtoto, na saa ya kumeza tukaipeleka jioni, anafunga kidonge pindoni mwa leso anameza akifika kioski cha maji. Meseji yetu ilikuwa "unga umeisha", nami napeleka na boda, kikapuni mchicha juu, kabla ya saa moja manake kafyu haikuwa mchezo, wa Likoni wote wanaikumbuka 27 Machi pale ferini, siku ya kwanza ya kafyu, polisi walivyopiga watu.

Vairo lodi, kile kipimo cha wingi wa virusi mwilini, ndo usiseme, mashine zile zile zikawa zapima korona, majibu yetu yakakaa.

Kinga nayo ilisahaulika kabisa. Kondomu za bure zilikuwa kwa baa, baa zikafungwa na visanduku vikabaki ndani, lakini ile biashara ya ngono haikufungwa, ilihamia mchana na majumbani. Tukaanza kuacha maboksi kwa saluni na steji za boda, zikawa zaisha siku hiyo hiyo. PEP nayo, dawa ya dharura ya kuzuia HIV, ina saa 72 tu za kuianza, mtu amebakwa Ijumaa usiku, nje kafyu, atafika wapi? Tulichokuwa nacho ni namba moja ya simu iliyopokelewa usiku, na clinical officer mmoja hivi aliyekubali kuamshwa. Basi.

Halafu hii ya miezi mitatu yataka stoki. Mwanzo wa 2021 dawa za msaada zilikwama bandarini, hapa hapa Mombasa, serikali na Wamarekani wakivutana mambo ya ushuru na nani asambaze. Tukarudi kugawa za mwezi, wengine wiki mbili. Yaani mtu umemfundisha mwaka mzima asije kliniki, leo unampigia aje kila baada ya wiki mbili, na nauli imepanda manake matatu zilikuwa zabeba nusu. Yule dada wa Likoni alituma "unga umeisha" mara tatu siku moja. Nilimpelekea vidonge 14 ndani ya bahasha. Hivyo havikuhitaji pamba.