"Tunahifadhi data yako": ahadi au onyo?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni wakala wa nyumba hapa Nakuru. Nasimamia ploti kadhaa za kupangisha upande wa Section 58. Kwenye fomu ya mpangaji mpya nimeandika: "Tunahifadhi data yako yote." Juzi mama mmoja alikataa kutia sahihi. Akaniuliza, "Mbona mnaihifadhi yote? Nikihama mtaniachia lini?" Nami nilidhani namtuliza! Kosa ni langu, lake, au la Kiswahili? Halafu, niandike "data yako" au "data zako"?

JIBU: Kosa si la huyo mama. Amesoma kilichoandikwa. Wewe ulikuwa na maana nyingine, na neno "hifadhi" likakuruhusu.

Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na lina matumizi zaidi ya moja. Mtoto wa madrasa akihifadhi Kurani, anaitia kichwani isimtoke. Mzazi akimsindikiza mwanawe hadi steji, akamwambia "Mungu akuhifadhi," anamwombea asifikwe na baya njiani. Karani naye akihifadhi faili, ameliweka mahali atakapolipata kesho. Ukitazama vizuri, faida ndiyo inayotofautiana. Faili likihifadhiwa, anayefaidika ni karani. Mtoto akihifadhiwa na Mungu, anayefaidika ni mtoto. Wewe uliandika kama mzazi anayeaga, mpangaji akasikia karani.

Na hukumsaidia ulipoweka "data" na "yote" kando ya kitenzi hicho. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, kitufe cha "Hifadhi" kazi yake ni moja tu: kuweka kitu kisipotee. "Hifadhidata" pia ni ghala la data lililopangwa, na hakuna kitu katika neno hilo kinachosema mlango wa ghala una kufuli. Wenzetu wa Tanzania huita mbuga zao Hifadhi za Taifa. Mmoja wao akifika kwenu na kusema "Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru", atakuwa amepatia pande zote mbili, maana wanyama wamewekwa pale na wamezungushiwa ua. Fomu yako ina wanyama, ua hauonekani.

Neno ulilokuwa ukilitafuta ni "linda". Ndilo lililozoeleka tunapoitaja sheria yetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ofisi inayoisimamia, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hiyo inatenganisha mambo ambayo "hifadhi" inayachanganya. Kuweka ni jambo moja, na kifungu cha 39 kinataka uweke kwa muda unaohitajika kwa kazi uliyoyachukulia maelezo hayo, si milele, labda pawe na sababu nyingine inayokubalika kisheria. Kulinda ni wajibu mwingine. Kwa hiyo swali la "mtaniachia lini" si ukaidi. Na usidhani ofisi yako ni ndogo mno. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zinawasamehe kujisajili kwa Kamishna wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini usimamizi wa nyumba na uuzaji wa ardhi haumo kwenye msamaha huo.

Tofauti ya maneno haya mawili niliiona kwenye lango la fleti fulani huku Kisumu, mtaa wa Milimani. Mlinzi alinisogezea daftari kubwa, kalamu imefungwa kwa uzi wa gunia. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, nyumba unayoitembelea. Mstari wa juu yangu alikuwa ameandika mwanamke aliyeingia dakika chache kabla, na kwa muda wa kuvuta pumzi nikawa najua nambari yake ya simu na mlango aliobisha. Kurasa za nyuma zilirudi hadi mwaka uliotangulia. Daftari lilikuwa limehifadhi kila kitu. Mlinzi alilinda lango.

Sasa "data". Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo "data yako" na "data zako" zote ni sahihi. Chagua moja uende nayo hadi mwisho wa fomu. Usiandike "data hizi imewekwa", na "madata" tuwaachie vijana. Ila mimi ningeliepuka kabisa kwenye fomu ya mpangaji. Mitaani data ni bando. "Data yangu imeisha" haimaanishi mtu amepoteza kitambulisho. Andika "maelezo yako ya kibinafsi". Tanzania wanasema "taarifa binafsi", na sheria yao ya 2022 inaitwa hivyo hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukifuata mtindo wao, usiongeze "za": ni "taarifa binafsi", si "taarifa za binafsi".

"Siri zako" usiiguse hata kidogo. Nambari ya kitambulisho si siri. Mtu mwenye siri ana jambo la kuficha, na mpangaji hatapenda kuambiwa hivyo na wakala wake. Neno la heshima ni "faragha".

Ningeiandika fomu hivi: "Tutaweka jina lako, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kwa ajili ya mkataba na malipo ya kodi. Tutayalinda maelezo haya yasionwe na asiyehusika. Utakapohama, tutayafuta baada ya miezi ..." Neno "yote" nimelitoa makusudi. Kama fomu yako bado ina kisanduku cha kabila au dini, kitoe nacho. Katiba, katika kifungu cha 31, haikuzuia kufichua tu mambo ya familia na ya faragha ya mtu. Inakataza hata kumtaka ayaseme bila haja.

Hiyo miezi ni mingapi, si swali la lugha. Muulize wakili wako.