Mama, Nikuguse?

Machi 2020, skuli zilipofungwa na mgonjwa wa kwanza wa korona Zanzibar kutangazwa, nilikuwa daktari wa zamu hapa Unguja, nina binti wa miaka mitatu na mdogo wake wa miezi saba. Aliyekuwa akinilelea ni mamangu, mwenye sukari na presha. Maradhi yale yaliwaelemea zaidi watu kama yeye, basi nikawa naogopa kurudi nyumbani kuliko kwenda kazini.

Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, binti yangu akanikimbilia mlangoni, mikono juu. Nikapiga ukelele: "Usiniguse!" Akasimama. Akaishusha mikono taratibu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Siku tatu nzima, hata nikishaoga na kubadili nguo, nikimwita huuliza kwanza, "Mama, nikuguse?"

Mama mwenzangu uliye muuguzi, mkunga au daktari, hilo ndilo ninalotaka likuepuke. Mtoto huvumilia mama kuchelewa. Kusukumwa bila kuelezwa ndiko kunakomuumiza. Siku ya nne nikaketi naye mkekani, nikampaka unga viganjani, nikamwambia mdudu ndivyo anavyohama, tazama kanga yangu ulivyoishika. Akanawa kwa sabuni, unga ukatoka. (Na kweli sabuni huvunja utando wa mafuta wa kirusi kile.) Tangu hapo akawa msimamizi wa beseni la uani. Mimi napita mlango wa nyuma, viatu vinabaki nje, nguo za kazi zinazama kwenye maji ya sabuni, na nikinawa yeye ananihesabia kwa sauti mpaka 20. Nikishaoga, ndipo ananirukia.

Wengi, tena wenye nia njema, waliniambia nimwachishe mdogo ziwa. Usikubali. Shirika la Afya Duniani lilisema hata mama mwenye korona anyonyeshe, avae barakoa na anawe mikono. Kazini nilikuwa nakamua kila nikipata upenyo. Maziwa yasizidi muda wa saa 4 nje ya friji, na kwa joto letu hili, mimi sikuyasubirisha hata huo: chupa iliingia moja kwa moja kwenye kikapu chenye barafu.

Halafu msaada. Miezi ya mwanzo nilisema "nisaidieni jamani", wote wakaitikia inshallah, siku zikapita. Nilipomwambia wifi yangu, "Jumatatu na Alhamisi watoto ni wako, alasiri mpaka magharibi," hakukosa hata mara moja. Mume wangu nilimkabidhi usiku wa mdogo wote, na siku za zamu futari pia juu yake. Taja siku, taja saa, taja kazi yenyewe.

Kwa mamangu sikupata njia nyepesi. Nilimhamishia chumba cha mbele chenye madirisha mawili, nikawa nakula kwenye sahani yangu, mbali naye, mimi niliyekua nikila naye sinia moja. Kama una mzee ndani, mweleze mapema na umwambie wazi kwamba unamlinda, kwa sababu mamangu alidhani nimemkasirikia, na alikaa na dhana hiyo wiki mbili bila kunambia.

Siku niliyorudi kwenye sinia yake, alinimegea kipande cha samaki changu, akakiweka upande wangu wa wali, akaendelea kula.