Shangazi, niache benki nikafungue ofisi yangu Kariakoo?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, mume na watoto wawili, naishi Tabata. Nimefanya kazi benki miaka tisa, sasa niko idara ya mikopo ya wafanyabiashara. Baada ya makato yote naondoka na 2,100,000 kwa mwezi. Lakini malengo ya kila mwezi yananimaliza, na bosi ananifokea mbele ya wateja. Jumapili jioni tumbo linaanza kuniuma. Nina CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na mwaka huu wote Jumamosi nimekuwa nikiwafanyia hesabu wafanyabiashara saba wa Kariakoo, kila mmoja ananilipa 150,000 kwa mwezi. Nikifikisha wateja 14 nimeufikia mshahara. Mtaji wa ofisi nitautoa kwenye michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nina mkopo wa nyumba wa kazini, umebaki milioni 22, wanakata 640,000 kila mwezi. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mwoga wa mambo haya, kwa hiyo nimepanga kumwambia nikishakabidhi barua. Nifanye? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Naanza na mumeo, maana hapo ndipo barua yako iliponishtua.

Usikabidhi barua kabla hujamwambia. Kama nyumba mnayoishi ndiyo iliyowekwa rehani, sheria ilitaka aridhie, na bila shaka alitia sahihi. Mtu aliyeitwa kutia sahihi siku ya kukopa hawezi kuwa wa mwisho kusikia kwamba mshahara unaolipa mkopo huo umeondoka. Unasema ni mwoga. Mwanangu, mshahara wa mwalimu ndio utakaolisha nyumba miezi ambayo wateja wako watachelewa kulipa, na ana haki ya kuogopa. Mweke chini siku ambayo hamna haraka, mfungulie daftari, mwache aulize maswali yote. Pengine ataona tundu ambalo wewe hujaliona.

Na matundu yapo. Umesema wateja 14 watakufikisha kwenye mshahara. Hiyo 2,100,000 unaipokea wakati 640,000 za mkopo zimeshakatwa. Ukiondoka, rejesho utalitoa mfukoni mwako mwenyewe. Unahitaji 2,740,000 ili uufikie mshahara huo, yaani wateja 19, na hapo hatujagusa kodi ya pango, nauli, bima ya afya ya watoto ambayo sasa inatoka kazini, wala VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wewe mhasibu unajua kwamba mtoa huduma za kitaalamu anatakiwa kusajiliwa bila kujali mauzo yake. Mwenye duka dogo asiye na VAT hataweza kujirudishia hiyo kodi. Kwake bei yako itakuwa imepanda tu.

Kabla ya yote, nenda kausome mkataba wa mkopo. Mikopo ya wafanyakazi wa benki huwa na riba ya chini kwa sababu wewe ni mfanyakazi, na mingi ina kipengele kinachosema ukiacha kazi, riba inapanda kufikia ya mteja wa kawaida, au deni lote linadaiwa. Kama kipengele hicho kipo, 640,000 si namba yako tena. Waombe wakuandikie rejesho jipya litakuwa kiasi gani. Mimi ningetaka kuiona hiyo karatasi kabla sijamshauri mtu yeyote aondoke.

Hela ya NSSF iondoe kwenye mpango. Fao la kujitoa, la kuchukua michango yako ukiacha kazi, liliondolewa na sheria ya 2018, na fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Pensheni inadai michango ya miezi 180. Wewe kwa miaka tisa una 108. Usiitupe safari hiyo, NSSF inapokea michango ya waliojiajiri, na mchango wako uwe kwenye bajeti ya ofisi tangu mwezi wa kwanza.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuligusa. Uko idara ya mikopo ya wafanyabiashara, na Jumamosi unawaandikia wafanyabiashara vitabu vya hesabu. Je, kuna hata mmoja kati ya hao saba aliyekopa au anayeomba mkopo kwenu? Kama yupo, acha kazi yake wiki hii. Hesabu ulizoandaa kwa mkono wako zikifika mezani pako ndani ya ombi la mkopo, utaondoka benki kwa kufukuzwa, na jina lako ndilo mtaji wako mkubwa Kariakoo. Hata kama hayupo, angalia kanuni za mwajiri zinasemaje kuhusu kazi ya pembeni.

Nimekubana, lakini naipenda biashara yako. Migomo ya Kariakoo, ule wa Mei 2023 na wa Juni 2024, ilionyesha kila mtu jinsi wafanyabiashara wale wanavyopata tabu na mambo ya kodi. Mtu mwaminifu anayejua ritani za kodi, anayemweleza mwenye duka kwa lugha anayoielewa, anahitajika sana pale. Na watu saba wamekulipa mwaka mzima kwa hiari yao. Wengi wanaoacha kazi hawana hata mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba utaondoka, ila si sasa. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28. Ichukue yote kwa mkupuo, na kama mwajiri anaruhusu kazi ya pembeni, shinda Kariakoo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Uone kama wateja wapya wanapatikana, wangapi wanalipa kwa wakati, na kama tumbo la Jumapili linatulia. Likiendelea kuuma, basi shida ni uchovu, na uchovu unahitaji tabibu kabla ya ofisi. Kuhusu bosi, andika tarehe na maneno, upeleke kwa watu wa rasilimali watu, uombe uhamisho wa tawi. Kufokewa mbele ya wateja si sehemu ya mshahara wako, na hupaswi kulivumilia hadi siku ya kuondoka.

Ukifikisha wateja 12 wa uhakika, ukiwa na akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita ya kukuvusha hadi utimize wale 19, na mumeo amekubali, hapo andika barua. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni angalau siku 28. Kiinua mgongo cha kisheria hutapata kwa kuwa umeondoka mwenyewe, labda mkataba wako useme vinginevyo, lakini dai malipo ya likizo ambayo hujaitumia na cheti cha utumishi. Usimtaje bosi kwenye barua hiyo. Mistari minne inatosha.