Jibu: Parokia ya kwanza ya Weusi katika Kanisa la Episkopali

Ndugu, umeuliza kama parokia ya Mtakatifu Thomas, Philadelphia, Marekani, iliyo ya Kanisa la Episkopali (Waanglikana wa Marekani), ilianzishwa na wamisionari. La hasha. Waliianzisha Weusi wenyewe, wakiongozwa na Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Delaware mwaka 1746. Alimkomboa mkewe kwanza, ili watoto wazaliwe huru. Yeye mwenyewe akapata uhuru 1784.

Chanzo ni ubaguzi. Katika kanisa la Wamethodisti la St. George's, wahudumu walijaribu kuwainua Weusi waliokuwa wamepiga magoti katikati ya sala. Wakatoka wote. Mwenzake Jones, Richard Allen, alibaki Mmethodisti, ila wengi wao wakachagua Uanglikana. Kanisa lao likafunguliwa Julai 1794, na mwaka uliofuata Jones akawa shemasi, baadaye kasisi: Mweusi wa kwanza katika Episkopali.

Usidhani walipokelewa kwa mikono miwili, maana dayosisi iliwakubali kwa sharti la kutoshiriki mkutano wake mkuu, na zuio hilo lilidumu hadi miaka ya 1860! Ajabu ni kwamba mwaka 1793 tu, homa ya manjano ilipoukumba mji, Jones na wenzake ndio waliouguza wagonjwa na kuzika maiti.

Parokia ingali hai, ingawa imehama jengo lake la awali.