Umeambiwa una homa ya ini B? Acha kwanza kujilaumu

Wiki hii msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia: "Dada, nilikwenda kuchangia damu, wameniambia nina homa ya ini B. Pombe sinywi, uhuni sina. Nimeitoa wapi?"

Swali hilo nimelilia sana. Nilikuwa nimeshapata kazi Oman, nguo za safari nimeshashona, vipimo vya afya vya nchi za Ghuba vikanikuta na homa hiyo hiyo, nikaandikwa sifai. Wakala alinirudishia makaratasi kwa ncha za vidole. Nyumbani shangazi akanitengea sahani na kikombe. Nimemsamehe, lakini bado inauma.

Ugonjwa huu huangalia ulizaliwa lini na wapi kuliko unavyoishi. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo sisi tuliotangulia ndio wengi tunaoishi na virusi vyake. Mtoto akiambukizwa anapozaliwa, uwezekano wa kubaki na virusi maisha yote ni karibu asilimia 90. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 wenye B mwaka 2022, na asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea Afrika. Wote hao wahuni?

Mama yangu alipopimwa alikutwa navyo, na wadogo zangu wawili. Hakuna aliyekuwa anaumwa hata kichwa. Mimi ndiye niliyewasukuma kwenda, na leo wananishukuru.

Homa ya ini C ina watu wake. Kwetu imewashika zaidi wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano za kuchangia. Nao msiwanyanyapae: C inapona kabisa kwa vidonge vya miezi miwili au mitatu. B haina dawa ya kuifuta, ila ipo ya kuituliza, na si kila mwenye virusi anaihitaji. Daktari aangalie kwanza hali ya ini na wingi wa virusi. Mitishamba ya "kusafisha ini" achaneni nayo!

Kapimeni, ndugu zangu. Apime baba, mama, na watoto wote. Sahani haiambukizi, kukumbatiana hakuambukizi. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Mjamzito adai kipimo mapema, maana mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na mwaka 2022 ni asilimia 18 tu ya watoto wa Afrika walioipata chanjo hiyo. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu chanjo yenyewe ipo tangu miaka ya 1980.

Wapo walioniambia sitaolewa. Mume wangu alipima, hakuwa navyo, akamaliza dozi zake tatu za chanjo kabla ya nikahi. Wanetu wawili walichanjwa, wamepimwa, hawana virusi.