Tufe la Taipei juu ya jengo la Bukoba

SWALI: Najenga jengo la sakafu nne hapa Bukoba, chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupangisha. Kila sakafu ina mita za mraba 200. Tangu tetemeko la Septemba 2016 sina amani. Nasikia mnara wa Taipei 101 kule Taiwan una tufe la chuma linaloning'inia, linalotuliza jengo bila umeme. Naweza kuweka dogo la aina hiyo juu ya paa?

JIBU: Usiweke. Tufe la Taipei lina tani 660 na kazi yake kubwa ni upepo. Kifaa hicho kinatuliza jengo pale tu kinapoyumba kwa mwendo unaolingana na wa jengo lenyewe, na kinahitaji mizunguko kadhaa kabla hakijashika kasi. Kimbunga huvuma kwa saa nyingi, kwa hiyo nafasi ipo. Tetemeko la karibu linaweza kumaliza mapigo yake makubwa ndani ya sekunde chache, nguzo zikapasuka wakati uzito wa juu ndiyo kwanza unaanza kusogea.

Tazama na hesabu. Jengo la nguzo na boriti za zege la sakafu nne huyumba mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 0.4. Uzito unaoning'inia ukiyumba kwa muda huo, kamba yake ina urefu wa sentimita 4 tu! Itabidi utumie springi. Kwa kadirio la tani moja kila mita ya mraba, jengo lako lina tani 800. Kifaa chenye asilimia 2 tu ya uzito huo ni tani 16 za kubebeshwa paa. Isitoshe, kuta za tofali zikishapasuka jengo hulegea, mzunguko wake hurefuka, na kifaa ulichokipimia jengo lisilo na nyufa hakilingani nalo tena.

Kwa pigo la ghafla, afadhali dampa ya mafuta: silinda na pistoni inayosukuma mafuta ya silikoni kupitia matundu membamba. Hufungwa kimshazari kati ya sakafu na sakafu, na hupinga kasi tangu mtikisiko wa kwanza. Adui yake ni pini zilizolegea. Sakafu ikisogea milimita 10, dampa iliyolala kwa nyuzi 35 hupata takriban 8. Ukiwa na nafasi ya milimita 2 kwenye maungio, robo ya mwendo huo imepotea.

Lakini hela ya kwanza ipeleke chini, kwenye maduka. Juu una kuta nyingi, chini uwazi; mtikisiko karibu wote utaishia kwenye nguzo za maduka, na dampa haiokoi nguzo yenye ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo) za kubahatisha. Angalau sentimita 50 za juu na za chini za kila nguzo, ringi zisiachane zaidi ya sentimita 10, na ncha zake zikunjwe nyuzi 135 kuingia ndani ya zege. Kunja ya nyuzi 90 hufunguka zege la nje likibanduka. Pale boriti inapokutana na nguzo, mafundi wengi huziruka ringi kwa sababu nondo zimesongamana. Kagua hapo mwenyewe, pamoja na mhandisi, kabla zege halijamwagwa. Kisha mwombe apige hesabu ya dampa za sakafu ya maduka, pande zote mbili za jengo, urefu na upana.